Mwambie Sipo

Simu iliyomng'oa mama mkubwa nyumbani kwake niliipokea mimi. Ilikuwa Jumamosi, nimekwenda kumsaidia kufua mapazia, naye yuko juu ya kiti anachomoa kulabu za mwisho. Simu ikalia mezani.

"Pokea hiyo," akasema bila kugeuka. "Inalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa."

Aliyepiga alikuwa mwanamke, anazungumza ile lugha ya kigeni tuliyosomea shuleni, polepole, kama mtu aliyebeba trei ya glasi. Akataja jina la mama mkubwa, lile la kwenye vyeti, ambalo hata sisi wa nyumbani tunalisikia kwa nadra. Akasema yeye ni binti wa rafiki yake wa zamani, yule tuliyemjua kwa jina la Kengele. Mama yake alipata kiharusi. Mkono wa kulia umelala na mguu unaburuta, lakini hayo madaktari wanayashughulikia. Lililowashinda ni jingine. Lugha aliyowalelea watoto wake imemtoka yote, haikubaki hata ya kuombea maji. Iliyobaki ni ya kwao alikozaliwa, na pale nyumbani hakuna anayeijua.

"Anaongea siku nzima," yule binti akasema, "na hatujui kama anataka blanketi au anatuaga."

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwambia mama mkubwa kwamba ni binti wa Kengele. Akabaki juu ya kiti, pazia limemlalia begani kama mtandio. Nilikuwa natega sikio nisikie agizo nililolizoea tangu utoto: mwambie sipo. Hakulisema. Akashuka, akajifuta mikono kwenye gauni, akanyoosha mkono nimpe simu.

"Habari za asubuhi," akasema kwa lugha ya yule binti. "Nakusikia vizuri. Tafadhali endelea."

Nilimtazama kama namwona leo. Ilikuwa sauti ya kazini, nyororo, iliyopigwa pasi, sauti aliyokuwa nayo kabla mimi sijazaliwa.

Mama mkubwa ni dada yake mama yangu. Hakujaliwa mtoto, mume alimzika mapema, na mama yangu alipohamia kwingine kikazi aliniacha kwake nikasome. Ujanani alikuwa opereta katika jengo la simu, chumba cha simu za nje, ghorofa ya pili. Walikaa mstari mmoja kwenye viti virefu, vipokea sauti vimewabana nywele, mbele yao ubao mkubwa wenye matundu na nyaya. Ukitaka kuongea na ndugu yako aliye ng'ambo, ni mmoja wao aliyechomeka waya akakuunganisha. Kila mtu pale alikuwa na jina la utani. Mama mkubwa aliitwa Subiri, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wateja kutwa nzima, na akirudi nyumbani alikuwa akimwambia hata paka. Aliyekaa kushoto kwake aliitwa Kengele. Cheko lake lilipenya kwenye nyaya mpaka wateja wakalalamika kwamba simu zao zina watu wanaocheka ndani. Aliyekaa kulia aliitwa Hakimu, maana kesi zote za chumba kile, nani kachukua kiti cha nani, nani kala maandazi ya nani, ziliishia kwake, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Watatu hao walipanga chumba kimoja. Walikuwa na pasi moja, kioo kimoja, na viatu vyekundu vya kisigino jozi moja ambavyo aliyealikwa mahali ndiye aliyevivaa. Vilimtosha Kengele tu. Subiri alivijaza pamba kwenye vidole, Hakimu alivivaa kwa kuvumilia, akirudi miguu imevimba, anasema sherehe ilikuwa nzuri sana ila miguu haijui.

Kisha akaja fundi mitambo. Alitoka ng'ambo na makasha makubwa, ndani yake mashine za kujiunganisha zenyewe, mtu apige simu yake bila kumpitia opereta. Mama mkubwa alipenda kuisimulia hadithi hiyo kwa kucheka: "Mwanaume kaja na mashine, mashine ikala kazi zetu, na yeye kuona hajashiba, akamchukua na Kengele." Ndoa ilifungwa, Kengele akaondoka na mumewe. Baada ya muda Hakimu naye akapata njia kupitia jamaa yake, akaenda nchi ileile lakini mji wa mbali, kazi ya kutunza wazee majumbani. Subiri akabaki. Alipata kazi ya mapokezi hospitalini, ya kupokea simu vilevile, akaifanya mpaka akastaafu.

Urafiki haukukatika hapo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Kengele alipiga simu. Mimi nimelelewa na simu hizo. Mama mkubwa alivua viatu, akakunja miguu juu ya kochi, na nyumba nzima ikajaa umbea wa watu nisiowajua. Kengele hakuacha kumwita. "Njoo basi, hata mwezi mmoja." Na mama mkubwa hakuacha kujibu, "Mwakani, mwenzangu, mwakani." Ile mwakani ilizaa, ikapata wajukuu.

Mwisho aliyekuja ni Kengele. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Alisema anakuja na mume na watoto, likizo nzima. Mama mkubwa alipaka rangi chumba cha nyuma, akanunua godoro, akaazima meza kubwa kwa jirani. Tulikuwa tukikaa nyumba ya kupanga, familia kadhaa uwanja mmoja, na wapangaji wote walipewa habari: rafiki yangu anakuja, atafikia hapa, msinitie aibu. Watoto waliambiwa wavae nguo.

Kengele akafikia hotelini. Kwetu alikuja mara moja tu, alasiri moja, peke yake kwa teksi. Nakumbuka gauni lake la kijani na mkoba alioupakata muda wote. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Mama mkubwa alikuwa amepika tangu alfajiri, meza haina pa kuweka kijiko, na Kengele alikunywa maji nusu glasi akasema ameshiba. Alicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa fupi, na macho yalikuwa mlangoni. Saa haikuisha, akasimama. "Safari imenichosha, Subiri. Nitakupigia." Wapangaji wakamwona akipita uwanjani haraka haraka kama anayekimbia harufu. Chakula tuliwagawia wao, wakala kimya kimya, na mpangaji mmoja mwenye mdomo akasema, "Kumbe wakienda ng'ambo hata tumbo linabadilika."

Maneno hayo yalimwingia mama mkubwa kuliko kisu.

Jumapili iliyofuata simu ililia. Akaitazama. "Mwambie sipo," akaniambia.

"Shikamoo mama," nikasema. "Mama mkubwa hayupo."

"Marahaba mwanangu. Basi nitapiga tena."

Akapiga tena. Jumapili baada ya Jumapili, na mimi nikiitikia kwa adabu zote, hayupo, ametoka, bado hajarudi, na mwenye kutoka amekaa mkono mmoja kutoka nilipo, anamenya chungwa. Nilimhurumia Kengele, lakini mtoto hamwambii mkubwa kwamba anakosea. Simu zikapungua, zikawa za sikukuu tu, kisha zikakoma. Hakimu alijaribu kuuliza kuna nini, akajibiwa hakuna kitu. Jina la Kengele halikutajwa tena katika nyumba ile, mpaka siku ya mapazia.

Alikubali kwenda bila kushauriana na mtu. Binti wa Kengele alishughulikia tiketi na vibali, mimi nikamtafutia koti zito. "Naenda kumwona mgonjwa," alisema alipokuwa anakunja nguo. "Ugomvi haufuatwi mpaka kitandani." Akakunja nguo nyingine mbili tatu, akaongeza, "Akiniomba radhi nitampa. Ila aniombe."

Haya yanayofuata hakunieleza kwa mkupuo. Alinipa vipande, leo hiki, wiki ijayo kile, na vingine nilivipata kwa yule binti baadaye.

Alipokelewa uwanja wa ndege na binti mwenyewe, mwanamke wa makamo aliyechoka, paji la uso ni la Kengele mtupu. Walipanda lifti mpaka fleti ya ghorofa ya juu, alikoishi Kengele na bintiye tangu afiwe na mumewe. Sebule ilikuwa na kochi la kijivu, dirisha refu, kiti cha magurudumu kimegeuzwa kuelekea nje. Aliyekuwa kwenye kiti alikuwa mdogo, amekunjamana, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanafunzi. Mama mkubwa alisema alisimama na begi mkononi akitafuta pa kuanzia. Maneno yote aliyoyapanga kwenye ndege yalikuwa ya kumjibu mtu anayeomba msamaha.

Kengele akageuza shingo, akamtazama.

"Umechelewa," akasema kwa Kiswahili. Mdomo ulikuwa umepinda, lakini neno lilitoka safi. "Msimamizi amekuulizia. Nimemwambia uko chooni."

Mama mkubwa akatua begi. "Ahsante mwenzangu," akasema. "Umeniokoa."

Binti aliyesimama mlangoni akashika mdomo. Hakuwa amemwona mama yake akijibiwa tangu siku aliyoanguka.

Kwa hiyo kazi ikaanza. Mama mkubwa akalala chumba cha pembeni, na kutwa alikaa kwenye kigoda karibu na kile kiti, kama zamani, huku anapokea, kule anapeleka. Anataka mto. Anasema supu ina chumvi. Anauliza nani kafunga dirisha. Vitu vidogo hivyo, na kila kimoja binti alikipokea kama zawadi. Hata hivyo si yote yaliyotoka yalikuwa ya kupelekwa. Kengele alikuwa na saa za kujua alipo, na saa nyingine alikuwa msichana wa jengo la simu, hajaolewa, hajazaa.

Mwanawe wa kiume alikuja mwisho wa wiki, mtu mzima mwenye ndevu. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika ule mkono mzima. Kengele akamkagua juu mpaka chini.

"Huyu fundi bomba hajamaliza tu?" akamwuliza mama mkubwa. "Mwambie atoke, nataka kuvaa."

"Anasemaje?" mwana akauliza.

Mama mkubwa alikohoa. "Anasema umepungua sana. Anauliza kama unakula vizuri."

Mwanaume yule akainamisha kichwa kwenye magoti ya mama yake, akalia. Kengele akamwangalia mama mkubwa kwa mshangao, akanong'ona, "Kwani bomba lenyewe limeharibika kiasi hicho?"

Mama mkubwa aliponisimulia hapo tulicheka mpaka tukashikana. Kisha akaondoka, akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Jioni ileile binti alimfuata jikoni. "Mama mkubwa," akasema, maana ndivyo alivyomfundisha amwite. "Yeye alisema maneno machache, wewe ukasema mengi. Na neno 'toka' nalijua. Tulipokuwa wadogo alitufukuza nalo jikoni."

"Mwanangu, mgonjwa husema mengi."

"Tuambie hayo mengi. Hata yakiwa mabaya. Tumekaa naye bila neno hata moja. Bora baya lake kuliko zuri la kutungiwa."

Mama mkubwa akamwahidi, na ahadi ile ilimgharimu. Siku mbili tatu baadaye Kengele aliamka mtulivu, mwenye akili zake zote. Watoto wote wawili walikuwepo. Akaangalia dirisha, akaangalia kuta, akasema taratibu, "Subiri, nataka kwenda nyumbani. Hapa nilikuja mara moja tu. Nikakaa kidogo, nikakaa kidogo, mpaka nikasahau kurudi."

Wakamtazama mama mkubwa. Akawatafsiria neno kwa neno. Alijua anachofanya, kwa sababu wale wawili waliokaa pale ndio walikuwa hicho kidogo alichokaa Kengele, maisha yao yote. Mwana alifungua mlango wa roshani, akatoka, akasimama nje kwenye baridi bila koti. Binti alikaa palepale. "Ahsante," akasema.

Hakimu alikuja kwa treni. Alikuwa anatembelea fimbo, nyonga imekwisha kwa kunyanyua wazee wa watu, lakini mdomo ulikuwa haujaguswa na umri. Aliingia, akamtazama mama mkubwa, akasema, "Mwakani imefika?" Hakungoja jibu. Akajitupa kochini, akamsogelea Kengele.

"Hakimu," Kengele akasema, "umenenepa."

"Na wewe umekonda, tumetoka sare."

Ikawa alasiri njema, labda pekee njema kweli katika safari ile. Walimsengenya msimamizi ambaye amekufa zamani. Walibishana juu ya viatu vyekundu, nani alivivunja kisigino. Hakimu akagonga meza kwa kifundo cha kidole, akaweka mkono sikioni: "Haloo! Simu za nje?" Na Kengele, ambaye kila sentensi ilikuwa inamkwama katikati, akanyooka mgongo, akajibu kwa pumzi moja, "Simu za nje hapa, habari za mchana, tafadhali kaa kwenye laini nikuunganishe, usikate." Akacheka. Lile cheko lilikuwa limebaki zima kabisa, halikupata kiharusi. Binti alikuja mbio kutoka chumbani kuona nini kimetokea.

Cheko lilimchosha Kengele, wakamlaza. Marafiki wawili wakaenda jikoni kuosha vikombe, Hakimu amekaa anafuta, mama mkubwa amesimama anaosha. Na mama mkubwa, kwa kuwa moyo ulikuwa umelegea, akasema lile lililomkaa kooni miaka yote.

"Nimemsamehe, unajua. Ile aibu aliyonitia mbele ya wapangaji. Sasa nimeiacha."

"Aibu ipi?"

"Kufikia hotelini. Kukaa kwenye kiti changu kama kina kunguni."

Hakimu akaweka kikombe chini. "Hukuambiwa?"

"Nini?"

"Subiri. Yule alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa tumbo. Walimkata vibaya. Alikuwa hawezi kujizuia, haja zinatoka zenyewe. Kule kwenu alikuja amevaa nepi kama mtoto mchanga, na mkoba ule ulikuwa na nyingine za kubadilisha. Choo chenu kilikuwa kimoja, uwanjani, cha wapangaji wote. Sasa mtu huyo angelala wapi? Angekula nini, kitoke saa ngapi?"

Mama mkubwa alisema maji ya bomba yaliendelea kutiririka na hakukumbuka kuyafunga.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuja akuambie. Akakuta meza imejaa na majirani wako mlangoni. Angesema vipi? Aliniambia, nitampigia Jumapili nimweleze, kwenye simu hatutazamani. Kisha akaniambia hakupati. Kila akipiga hupo. Nikafikiri umepata kazi ya Jumapili."

"Na wewe hukuniambia."

"Aliniapisha. Alisema siri ni yake, atakuambia mwenyewe. Tena nilikuuliza, Subiri. Nilikuuliza kuna nini, ukaniambia hakuna kitu." Akachukua kikombe kingine, akakifuta, akakirudia kukifuta. "Watu husema majuto ni mjukuu. Haya, wewe ulidhani kwa kuwa huna mtoto hutapata."

Ndivyo alivyokuwa Hakimu. Akashika fimbo, akasimama kwa taabu, akamkumbatia.

Asubuhi, Hakimu bado amelala, mama mkubwa alimnawisha Kengele uso, akamkalisha dirishani, akaanza kumpaka mafuta miguuni. Aliona ni heri aseme akiwa ameinama.

"Kengele. Zile Jumapili ulipokuwa unapiga simu, mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa palepale. Nilikasirika juu ya kitu nisichokijua. Nisamehe, mwenzangu."

Kengele alikuwa amesikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama zamani alipokuwa na mteja msumbufu kwenye laini. Akamgusa bega kwa ule mkono mzima.

"Subiri hayupo," akamweleza kwa upole. "Nimepiga, nimeambiwa hayupo. Yule mtoto wa pale ana adabu, kila mara ananisalimia. Usijali, dada. Nitapiga tena Jumapili."

Mama mkubwa alijaribu tena mchana, akajaribu tena siku nyingine, kwa maneno mengine. Mara Kengele alimwambia asante. Mara alimwambia chai imepoa. Hakuna siku maneno yale yalipofika mahali pake. Alikiri kwangu kwamba aliwahi hata kujaribu kwa lugha ya kigeni ya watoto wa Kengele, akidhani labda kuna mlango wa nyuma. Kengele akamtazama kama anayetazama redio yenye mikwaruzo.

Siku za mwisho alimfundisha binti maneno. Maji, mto, inauma wapi, niko hapa, lala salama. Binti aliyaandika kwenye vipande vya karatasi akavibandika kwenye jokofu, kwenye kitanda, kwenye mlango wa choo. Katika kufundishana huko ndipo alipotoa neno bila kujua uzito wake.

"Zamani alikuwa anaongea hivi kila Jumapili, kwenye simu," akasema. "Tulikaa chini ya meza tukimwigiza. Kisha akaacha. Siku moja tulimwuliza kwa nini haongei tena ile lugha ya kuchekesha. Akasema hana wa kuongea naye."

Mama mkubwa akamwambia arudie neno "mto," kwa sababu alikuwa analitamka vibaya.

Kuagana kulikuwa kufupi. Kengele alikuwa amesinzia, wakaona wasimwamshe. Mama mkubwa akamfunika mguu uliotoka nje ya blanketi, akashuka na lifti. Alitaka kurudi juu, alisema, lakini teksi ilikuwa imeshafika na yule dereva alikuwa amelichukua begi.

Aliporudi kwetu alianza kupiga simu yeye. Kila Jumapili, baada ya chakula, miguu juu ya kochi. Binti aliweka simu sikioni mwa mama yake, na mama mkubwa akasema peke yake, habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama. Mwanzoni Kengele alijibujibu. Baadaye zikasikika pumzi tu. Hata ile lugha ya kwao ilikuwa inamwacha, kidogo kidogo, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imekwenda yote. Mama mkubwa hakuacha kupiga. Nilipomwuliza kama hachoki, alisema, "Yeye alipiga muda gani?"

Habari ya msiba alituletea binti. Hakutumia lugha yake. Nadhani alikuwa amejifunza sentensi ile kabla ya kupiga, maana aliisema kama anayesoma. "Mama mkubwa. Mama amekwenda. Asubuhi. Hakuna kuuma." Mama mkubwa akamjibu, "Pole mwanangu. Umesema vizuri." Wakakaa kwenye simu, na hakuna aliyetaka kukata.

Hakulia siku ile. Nilikwenda kulala kwake nikidhani atanihitaji, akanipikia, akanisuta kwa kuchelewa kuolewa, akalala usingizi wake. Hakimu alipiga, wakazungumza kama watu wanaopanga ratiba ya kazi.

Machozi yalimkuta sokoni, wiki kadhaa baadaye. Tulikuwa tunachagua nyanya, yeye anabonyeza moja moja na kumlaumu mwuzaji kama kawaida yake. Ghafla akaacha. Nyanya ikiwa mkononi, akaanza kulia, kwa sauti, watu wakageuka, na mwuzaji akadhani ni bei, akasema, "Basi mama, chukua, chukua tu." Nilimshika kiuno nikamtoa pale. Tulitembea mpaka nyumbani bila kununua chochote. Mlangoni akajifuta uso kwa mtandio, akanipa kikapu.

"Kesho nenda wewe," akaniambia.

Nikaenda.